Mtoto wa Meza

Atupele mwanangu,

Barua njema huanza kwa salamu, lakini leo tumekwisha kusalimiana mara mbili, na mara ya pili ulinisalimia mdomo umejaa ndizi. Sasa umekwenda kuwaaga watu wa kanisani, nami nakujua kuaga kwako: utaingia nyumba tatu na kutoka jua likiwa limezama. Basi nimejifungia ofisini. Ni saa nane mchana, mvua ya asubuhi imekatika, na mwanga umeshuka juu ya meza kwa namna ambayo mpaka leo hunikalisha kimya kwanza kabla sijashika kalamu.

Kesho alfajiri unashuka Mbeya, na kutoka Mbeya unapanda basi la Iringa. Habari za blanketi, za viatu, za kutokula ovyo basi litakaposimama Igawa, shangazi yako amekueleza na kukurudia hata mimi niliyekuwa nasikia kwa pembeni nimezikariri. Sitaziandika. Nakuandikia jibu la swali lako.

Uliniuliza juzi, umesimama hapo mlangoni: "Baba, shule imenipa nyumba ya vyumba viwili. Kimoja nitalala. Cha pili nataka kiwe ofisi yangu. Nikipange vipi kiwe kizuri, tena cha kufaa?" Ukaniwekea mchoro wako mezani, hatua saba kwa tano, mlango mmoja, dirisha moja. Nikainama kutafuta penseli ambayo haikuwa imepotea, maana sikutaka uuone uso wangu. Bibi yako, mama yangu mzazi, aliogopa hata kuishika karatasi. Alisema inaweza kumtaja jina. Na mimi mwanawe nina binti anayesema "ofisi yangu" kama mtu anavyosema "jembe langu". Nimelala siku mbili nikilifikiria jambo hili na bado linanishinda.

Mchoro wangu umo ndani ya bahasha hii, na vipimo vyote. Ukiufuata, chumba kitakuwa kizuri. Lakini mchoro unaonyesha meza inakaa wapi, hauonyeshi nilijuaje. Nilijua kwa kukosea, na makosa yangu mengine hujawahi kuyasikia kutoka mdomoni mwangu.

Tena lipo jambo linalonikaa kooni. Ukiondoka wewe, nani atabeba maneno kati yangu na Subilaga?

Unayajua haya, ila nayaandika ili nijue nami kwamba nimeyasema. Kwetu Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawatazamani, hawasemeshani, hawaingiliani nyumba. Nikitokea njiani, Subilaga, mke wa kaka yako, hujitosa majanini mpaka nipite. Wazee wetu hawakuwa wajinga: vijana wao walijenga kijiji chao peke yao, mbali na baba zao, na mwiko ukawa mwepesi. Sisi tumebanwa na mashamba ya kahawa. Kaka yako Ambakisye alijenga hatua arobaini kutoka mlango wangu, akaoa, kisha akaenda migodini, akaniachia mke wa kutomtazama. Zamani mama yako alikuwa akipeleka maneno na kuyarudisha. Alipofariki, kazi ikawa yako. Mjukuu wangu Lugano bado mdogo, na maneno anayabeba kama anavyobeba maji, nusu yanamwagika njiani. Wiki iliyopita nilimtuma aombe chumvi, akarudi na chungu.

Turudi kwenye ofisi. Inabidi nianzie mbali kidogo.

Kesho basi la Iringa likifika Nyololo, tazama mkono wa kulia. Huko juu ndiko Mufindi, kwenye mashamba ya chai. Nilipanda huko kijana, nimetoka karakana ya misheni na cheti changu, najiona fundi. Nikaajiriwa nyumbani kwa Mzungu mmoja mwenye shamba. Siku ya kwanza nilipelekwa chumbani alimoandikia barua zake, nitengeneze bawaba ya kabati. Atupele, nilisahau bawaba. Palikuwa na meza. Nilikuwa nimetengeneza meza nyingi za kulia ugali, nikadhani najua meza ni nini. Ile ilikuwa na watoto wa meza, yaani droo, kumi na wawili, wakubwa kwa wadogo, sita kila upande, na mbao zake ziling'aa hata nikajiona kidevu. Nikamvuta mtoto mmoja wa meza. Akaja bila sauti. Nikamsukuma ndani polepole, na yule wa juu yake akajitokeza mwenyewe, unene wa kidole, bila kuguswa na mtu.

Nikaruka nyuma.

Fundi mmoja Mhehe, mtu mzima, aliyekuwa amenisindikiza, alicheka mpaka akashika ukuta. "We Mnyakyusa, meza imekusalimia? Itikia basi! Sema kamwene!"

"Kuna nini humo ndani?" nikamwuliza.

"Hamna kitu. Hewa tu. Watoto wamebana sawasawa, hewa haina pa kutokea. Ukimsukuma mmoja ndani, hewa inamsukuma mwenzake nje. Meza mbovu haifanyi hivyo, inavuja."

Akaenda zake. Mimi nilibaki nikiwasukuma wale watoto mmoja mmoja, huyu akiingia yule anatoka, mpaka jasho likanitoka. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kazi ya fundi ni kuunganisha ubao na ubao. Sikujua kwamba fundi hodari anaweza kuiamuru hewa. Usione vyaelea, vimeundwa, wenzetu wa pwani husema hivyo; mimi siku ile niliona kitu kinaelea palepale nchi kavu. Nikaapa kwamba nami siku moja nitakuwa na chumba cha namna hiyo nyumbani kwangu.

Nilikaa Mufindi miaka minne. Kila nilipopata sababu ya kuingia chumba kile niliingia na futi mfukoni. Nikapima meza, nikapima rafu, nikapima kiti. Nikapima dirisha: kubwa, pana, limekabili uwanja ambao wachumaji walipita na vikapu vyao kwenda kupimiwa chai. Mzungu akiketi, anaona kila anayekuja na anayekwenda. Nikaandika vyote kwenye daftari. Sikujiuliza dirisha lile liliwekwa pale kwa kazi gani. Ndilo kosa langu la kwanza, na yaliyofuata yote ni watoto wake. Nilichukua kipimo cha chumba, nikaacha kupima nia ya mwenye chumba.

Ulikuwa darasa la tano nilipojenga ofisi hii. Unakumbuka nilivyojisifu? Watu walikuja kutoka ng'ambo ya mto kuitazama. Kuta nilizipaka chokaa, rafu za mninga nilizipiga msasa wiki nzima, na niliporanda ubao wa juu wa meza hii kwa mara ya kwanza, mistari ya ule mti ikajitokeza, myekundu na ya dhahabu, nikamwita mama yako aache mboga aje aone. Akaja, akatazama, akasema, "Ndani ya gogo chafu namna ile!" Akaupitisha mkono wake juu ya ubao taratibu, mkono wenye majivu. Doa lake lilikuwapo kwa siku mbili, sikulifuta.

Lakini niliweka kiti kimoja tu, kwa sababu Mzungu alikuwa na kiti kimoja. Jirani yangu akija nimwandikie barua ya mwanawe aliyeko Kopabeti, kwenye migodi ya shaba, anasimama. Mtu mzima amesimama mbele yangu nami nimeketi, ananisimulia jinsi mke wake anavyougua, na mimi naandika bila kunyanyua kichwa. Mama yako ndiye aliyekuja siku moja na kigoda chake cha jikoni, akakitua katikati ya chumba kwa kishindo, akarudi zake jikoni. Ndiyo maana kwenye mchoro utaona viti viwili, tena vya urefu mmoja. Cha mgeni wako kisiwe kifupi kuliko chako hata kwa nusu inchi. Nimeviandikia vipimo, usimwachie fundi wa huko akadirie.

Na niliweka dirisha. Kubwa, pana, limekabili uwanja, juu ya njia ya kwenda kisimani.

Ambakisye alikuwa ameoa mwaka ule. Siku ya harusi nilisimama mbele ya watu, nimevaa koti, nikasema sisi ni Wakristo, haya mambo ya kukwepana ni ya kale, nyumbani kwangu yamekwisha. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyemwuliza Subilaga. Msichana amelelewa tangu utotoni kwamba kumtazama baba mkwe ni kumvunjia heshima, tena ni kumtakia mtoto wake mabaya tumboni. Mimi kwa dakika moja, kwa koti langu, nikadhani nimeyafuta yote kama chaki ubaoni.

Nikaketi dirishani, naandika. Sikuona chochote. Nilidhani kwamba kama simwoni akipita, basi hapiti saa ile. Kumbe alikuwa akienda kisimani kwa njia ya korongoni, kule kunakoteleza hata mbuzi, akizunguka shamba zima ili asipite mbele ya macho yangu. Asubuhi na jioni, masika nzima, na mtungi kichwani, na mimba ya miezi saba.

Nilisikia yowe nikiwa hapa, kalamu mkononi. Nilikuwa nimejenga dirisha ili nione kila kitu, na nilipochungulia sikuona kitu isipokuwa uwanja wangu uliofagiliwa vizuri. Ulikuja wewe mbio, matope mpaka magotini. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Baba, wifi ameanguka korongoni. Mguu wake umepinda."

"Korongoni amefuata nini?"

Ulinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, wala mwalimu, wala mchungaji. "Ni dirisha lako, baba."

"Dirisha limemfanya nini?"

"Linamtazama."

Lugano alizaliwa jioni ile kabla ya wakati wake. Mama yako aliponionyesha, nilidhani amenifunulia kitambaa kitupu. Alikuwa mfupi kuliko randa yangu ndefu. Nilitazama kucha zake, kila kidole na ukucha wake, zimekamilika, zimepangwa, na kwa maisha yangu yote ya kupima na kukata sikuwahi kuona kazi ndogo namna ile iliyofanywa kwa usahihi ule. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kumpumulia. Mama yako akamweka kifuani ndani ya nguo zake, akamtembeza humo wiki baada ya wiki, akipika naye, akilala ameketi, na yule mtoto akakataa kufa. Sasa anakimbia na chungu mkononi akidhani ni chumvi. Subilaga anachechemea mpaka leo. Nikiusikia mwendo wake nje, hatua moja nzito na moja nyepesi, najua ni nani aliyeusababisha.

Siku ya pili yake niliziba dirisha. Unakumbuka, maana ni wewe uliyekanyaga udongo. Nilipoweka tofali la mwisho, chumba kikawa giza kama ghala la mahindi. Niliketi kwenye kile kiti changu kimoja nikasema vema, acha kiwe giza, ndivyo ninavyostahili. Lakini fundi ni fundi. Baada ya siku chache nikapanda ngazi, nikatoa mstari mmoja wa matofali juu kabisa, chini ya bati, juu ya kichwa cha mtu yeyote anayepita, nikapachika vioo vilevile nilivyovikata vipande. Nilifanya hivyo nipate angalau mwanga wa kuona wino. Nikashuka. Nikaketi.

Sijui niuelezeje. Mwanga haukuja tena ukinipiga usoni kama zamani. Ulishuka. Uliteremka ukutani, ukaifikia chokaa, chokaa ikaugawa chumba kizima, ukalala juu ya karatasi bila kuumiza macho, laini, kila mahali sawa. Lile dirisha la Mufindi lilikuwa limenifundisha kutazama nje. Hili halikunionyesha kitu cha nje isipokuwa mawingu, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaiona karatasi iliyo mbele yangu. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Bwana Mungu." Nilikuwa nimejenga ofisi mbaya kwa kiburi na ofisi nzuri kwa aibu. Kwenye mchoro wako utaona nimeandika: dirisha la chini liwekewe pazia zito, na uombe ruhusa ya shule wakufungulie la juu. Huko Iringa upepo ni mkali, nawe utashukuru. La chini litakupeperushia madaftari ya wanafunzi mpaka Ruaha.

Jambo jingine, kabla sijasahau. Nimeiweka meza yako upande wa pili wa chumba, mwanga utokee kuliani. Najua vitabu vinasema kushoto. Wewe ni wa shoto. Miaka mingi nilikukaripia kwa mwandiko mbovu ulipokuwa ukiketi hapa kwangu jioni, mpaka siku moja nilipokukuta umesinzia juu ya daftari nikaona kivuli cha mkono wako kimelala palepale maneno yanapopaswa kwenda. Chumba kilikuwa kimejengwa kwa kufuata mkono wangu wa kulia, na wewe ulikuwa ukiandika gizani bila kulalamika. Nilikunyanyua nikakupeleka kulala, na kesho yake nikaendelea kukukaripia, maana kukiri kulinishinda. Leo nakiri.

Mama yako alipotutoka, Subilaga akachukua kazi ya kunipikia. Lakini chakula kitanifikiaje? Yeye hawezi kuingia kwangu, wewe uko shuleni unafundisha mpaka alasiri. Ndipo nilipomtengeneza yule mtoto wa meza mrefu. Umemcheka sana. Nilitoboa ukuta pale lilipokuwa dirisha, nikaisogeza meza ikagusana na ukuta, nikatengeneza mtoto anayepenya mpaka nje, ana uso huku na uso kule. Yeye huweka kikombe na viazi kutoka nje, hugonga mara mbili, humsukuma huyo mtoto ndani, huondoka. Ndipo mimi hupokea. "Baba," uliniambia, "huyu ana midomo miwili, atakuwa msengenyaji." Lakini wewe hukujua kilichonifurahisha zaidi. Siku ya kwanza Subilaga alipomsukuma kutoka kule, mtoto mdogo wa kushoto, huyu ninamoweka mihuri na gundi, alijitokeza mwenyewe, unene wa kidole. Hewa haikuvuja. Niliitikia. "Kamwene," nikaiambia meza, mtu mzima na mvi zangu.

Chai ya kwanza niliyoletewa haikuwa na sukari. Wala ya pili. Mama yako alikuwa akinitilia vijiko vitatu na kunisuta kila siku kwamba nakula muwa. Hii ya Subilaga ilikuwa chungu, nyeusi, imeiva sawasawa. Nikaelewa. Nikasema moyoni, huyu binti hawezi kunitazama wala kunisemesha, lakini amepata njia ya kuniambia, na ana haki. Nikainywa. Nimeinywa miaka miwili, kila alasiri, bila kukunja uso mbele yako, kwa sababu kama ni hukumu basi ni hukumu nyepesi kwa mguu wa mtu. Sikukutuma umwulize. Niliogopa jibu. Na ungenirudishia jibu tamu, nakujua, maana maneno yetu umekuwa ukiyapiga msasa njiani miaka yote hii. Mimi nikisema "mwambie kuni zimelowa," yeye anasikia "baba anasema pole kwa mvua." Nimeyasikia kupitia ukutani, usidhani.

Hiyo ndiyo hofu yangu, Atupele. Si upweke. Mzee hana budi kuzoea kiti kitupu. Nahofu kwamba kesho utakapopanda basi, nyumba hizi mbili zitabaki zimetenganishwa na hatua arobaini na hakuna hata mmoja atakayejua mwenzake anaumwa. Na kwamba nitakufa nikinywa chai chungu bila kuomba msamaha, kwa sababu mwiko unanifunga mdomo, nami nimejifunza kwa gharama ya mguu wake kwamba mwiko si wangu peke yangu kuuvunja.

Nimeacha kalamu kidogo. Amegonga.

Naendelea. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko. Leo ni zamu yako kukaripia.

Aligonga mara mbili kama kawaida. Mtoto wa meza akaingia, yule mdogo wa kushoto akajitokeza. Nikatazama ndani. Hapakuwa na kikombe. Palikuwa na karatasi, imekunjwa mara nne, ya daftari lako lile la mistari mipana. Nilidhani umesahau kitu. Nikaikunjua. Si mwandiko wako. Herufi kubwa, zimesimama moja moja kama watu wasiojuana, nyingine imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Nainakili kama ilivyo:

BABA ATUPELE ANAKWENDA NANI ATANIAMBIA CHAI YAKO UNATAKA SUKARI AU HUTAKI SUBILAGA

Nilisoma mara tano. Kwanza sikuelewa kwamba karatasi inasema na mimi. Kisha nikaelewa kwamba zile jioni zote mlizoniambia mnachambua maharage, hapakuwa na maharage ya kiasi hicho katika nchi yote hii. Umemfundisha. Miaka miwili, jikoni, na kibao na chaki, hatua arobaini kutoka hapa nilipoketi nikijidai ndimi mwandishi wa mtaa. Na hukuniambia neno. Sijui nikupige au nikupigie magoti.

Tena nikaelewa la pili. Hakuwa akinihukumu. Alikuwa hajui tu. Siku ya kwanza alisimama kule na kopo la sukari mkononi, hajawahi kuniona nikinywa kitu maishani mwake, wewe uko shuleni, hana wa kumwuliza, akaona heri asiweke kuliko kuweka asichoombwa. Na tangu siku ile amekuwa akijiuliza, akiona haya kukutuma kwa jambo dogo namna hiyo. Mimi huku nilikuwa nikinywa hukumu niliyojipikia mwenyewe.

Mwanangu, nimeona mbao za mninga zikifunuka, nimeona meza ikiiamuru hewa, nimeona kucha za Lugano. Hii karatasi ninaiweka juu ya vyote hivyo. Mwiko haukuvunjika. Hakunitazama, sikumtazama, hakuna aliyetamka neno. Na bado amenisemesha.

Nimechana karatasi mbili za jibu. Ya kwanza ilikuwa hotuba. Ya pili ilikuwa hotuba fupi. Ya tatu niliandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama zake, asipate taabu:

SUBILAGA MWANANGU. NATAKA. VIJIKO VITATU. LILE DIRISHA LILIKUWA KOSA LANGU. NISAMEHE. BABA.

Nikaiweka, nikamsukuma mtoto wa meza nje, nikagonga mara mbili. Hajui kusoma kimya, hukumfundisha hilo bado. Nilimsikia kupitia ukutani, polepole, silabi kwa silabi, maneno yangu yakisomwa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikinielekea. Na-ta-ka. Vi-ji-ko vi-ta-tu. Hapo alicheka, Atupele. Ana kicheko kifupi, kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Sikujua. Kisha akaendelea. Li-le di-ri-sha. Akaanza upya, akafika mwisho, akarudia lile neno nisamehe mara mbili.

Nikasikia hatua zikiondoka, moja nzito, moja nyepesi. Nilikaa nimeshika ukingo wa meza.

Sasa hivi amerudi. Amegonga. Kikombe kipo, mvuke unatoka, na chini ya kikombe ni karatasi yangu ileile, upande wa nyuma ameandika maneno mawili ya kwetu, ndaga fijo, ambayo hata yule fundi wa Kihehe alijua maana yake ni asante sana. Ni kwa kalamu ya risasi, herufi zimepindapinda, zimejaa ukurasa wote.

Ufike salama. Ukiketi kwenye ofisi yako, mwanga ukija kuliani kwako, usisahau kutazama mezani kwanza kabla ya kutazama nje. Kila mwezi utuandikie barua mbili, maana hapa wasomaji sasa ni wawili, na yaliyomo kwenye yangu usimwambie kwenye yake.

Nimekunywa. Nadhani ameweka vinne.

Baba yako,
fundi wa meza hii